Safari ndefu ya ndege kutoka Mtwara na siku ya kwanza ugenini: tatizo, chanzo na la kufanya

Watu wa Mtwara na Lindi wanaokwenda likizo nje ya nchi wengi huondoka baada ya minada ya korosho, fedha zikiwa zimeshaingia, au katikati ya mwaka shule zinapofungwa. Wengine ni wazazi waliotumiwa tiketi na mtoto ili wakawaone wajukuu. Malalamiko yao yanafanana: ndege iliniacha, masikio yaliuma, miguu ilivimba, begi halikutokea, usingizi uligoma. Karibu kila moja lina chanzo kinachojulikana, na njia ya kukipata ni kuuliza kwanza: limeanza lini?

Lililoanza kabla hujapanda linatokana na tiketi au karatasi zako. Lililoanza angani linatokana na hewa ya ndani ya ndege na kukaa muda mrefu. La wakati wa kushuka mara nyingi ni la masikio. Lililojitokeza baada ya kutua linaweza kuwa saa ya mwili, baridi, au ugonjwa uliotoka nao nyumbani bila kujua. Huo ugonjwa nimeuweka mwisho, na ndio ninaoomba usomwe hata na atakayeruka mengine yote.

"Tiketi ninayo, lakini naambiwa ndege imeshaondoka"

Chanzo cha kwanza ni kusoma saa. Tuseme tiketi imeandikwa 16 Agosti, 03:40. Msomaji wa haraka anaona tatu na arobaini, anaelewa saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Sivyo. Saa ya tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Kwa saa za kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa sita: 16:00 ni saa kumi jioni. Kwa saa za usiku wa manane hadi alfajiri ongeza sita: 03:40 inakuwa saa tisa na dakika arobaini.

Kosa la pili limejificha kwenye tarehe, na huwapata hata wanaojua kusoma saa. Ndege ya tarehe 16 saa tisa usiku unaiwahi kwa kutoka nyumbani tarehe 15. Safari za kimataifa hutaka ufike saa tatu kabla, maana yake uwe uwanjani saa sita na dakika arobaini usiku. Kama umefikia kwa ndugu Mbagala, utoke tarehe 15 ikikaribia saa tano usiku. Anayelala tarehe 15 akiwaza "safari ni kesho" ataamka ndege iko juu ya Bahari ya Hindi. Nashauri hivi kwa kila mzazi: mtoto aliyekata tiketi aandike kwenye karatasi, kwa saa zetu na kwa jina la siku, "Ijumaa usiku saa nne na nusu, toka nyumbani". Karatasi hiyo ikae ndani ya pasipoti.

Chanzo kingine ni barabara. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 560, na zinapita Kilwa na bonde la Rufiji. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Anayesafiri kwa basi miezi ya masika aongeze siku mbili. Hata anayekuja kwa ndege ndogo alale Dar usiku mmoja, maana tiketi ya Mtwara hadi Dar ikikatwa peke yake, na ya Dar kwenda mbele ikakatwa peke yake, shirika la pili halidaiwi chochote ndege ya kwanza ikichelewa. Tiketi moja yenye safari zote ndani yake inakulinda, kwa sababu ukikosa kuunganisha, shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine. Kwa mzee anayesafiri peke yake, tofauti ya bei inastahili kulipwa.

Tena, safari za nje huondokea Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019. Ukitoka Mtwara unaweza kushukia jengo jingine. Usikae kwenye viti vya pale uliposhukia ukisubiri kuitwa.

"Wamenizuia kwenye ukaguzi"

Mara nyingi ni kitu ulichobeba. Kimiminika kwenye begi la mkononi kisizidi mililita 100 kwa chupa, na mafuta ya nazi, asali na achari ya maembe vyote vinahesabiwa humo. Viweke kwenye begi kubwa, vifungwe kwenye mifuko miwili. Betri ya kuchajia simu ni kinyume chake: hairuhusiwi kwenye begi kubwa, iwe mkononi. Unga wa muhogo uache kwenye pakiti ya dukani yenye maandishi, kwa sababu unga mweupe ndani ya mfuko usio na jina lazima utafunguliwa. Nyama na maziwa haviingii Uingereza wala nchi za Umoja wa Ulaya kutoka kwetu, hata kama ni zawadi ya mjukuu.

Dawa ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Falme za Kiarabu ni wakali sana kwa tramadol na dawa zenye kodeini, ambazo watu hutumia kwa maumivu ya mgongo bila kuwaza. Beba dawa kwenye boksi lake pamoja na barua ya daktari yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Za presha na sukari zikae mkononi, kamwe zisiende kwenye begi kubwa.

Kadi ya homa ya manjano, kama nchi unayokwenda au kupitia inaitaka, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Tangu 2016 inadumu maisha yote, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani hahitaji kuchanjwa upya.

"Tumbo limejaa, kichwa kizito, kinywa kikavu"

Yote matatu yanatoka kwenye hewa ya ndani. Ndege huruka mita 10,000 na zaidi, lakini ndani hewa hubanwa ili mwili uhisi uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni kama kumtoa mtu Mtwara, alikozoea kuishi usawa wa bahari, na kumkalisha Njombe kwa saa nyingi mfululizo. Oksijeni inapungua kidogo, ndiyo maana kichwa kinakuwa kizito. Hewa iliyomo tumboni nayo hutanuka karibu theluthi moja zaidi, suruali inabana na tumbo linauma. Ndege aina ya Boeing 787, ambayo Air Tanzania nayo inayo, ndani yake haizidi mwinuko wa mita 1,800, na wengi hawachoki sana wakiwa humo.

Kwa hiyo siku ya kuondoka punguza mbaazi, kunde, ming'oko na soda. Kula wali na samaki, ushibe kwa kiasi, na uvae nguo yenye nafasi kiunoni.

Ukavu una sababu yake peke yake. Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20. Sisi tunaishi mahali ambapo chumvi iliyoachwa mezani inalowa, kwa hiyo midomo, pua na macho yetu huukuta ukavu ule kwa ghafla. Omba maji mara kwa mara, hata kama hujisikii kiu, na beba mafuta kidogo ya midomo. Pombe na kahawa nyingi huharibu usingizi na kuongeza uchovu. Mzee anayejizuia kunywa maji kwa kuogopa kwenda msalani aombewe kiti cha pembezoni mwa njia, ili asione haya kuwaamsha jirani.

"Sikio limeziba na linauma kama kisu"

Karibu kila mara hutokea ndege ikishuka, takribani nusu saa ya mwisho. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna nafasi yenye hewa, na mrija mwembamba unaoiunganisha na koo. Ndege ikishuka, mgandamizo wa nje unapanda. Mrija usipofunguka, kiwambo kinavutwa ndani. Mafua huuvimbisha mrija huo, na ndiyo sababu mtu aliyesafiri mwaka jana bila shida mwaka huu analia.

Meza mate, tafuna kitu, piga miayo. Visipotosha, bana pua, funga mdomo, kisha sukuma pumzi taratibu mpaka usikie sikio linafunguka. Usitumie nguvu. Usilale wakati wa kushuka, kwa sababu aliyelala anameza mate mara chache. Mtoto mchanga anyonyeshwe muda huo. Mwenye mafua mazito aonane na mhudumu wa afya kabla ya safari kuhusu dawa ya kufungua pua. Sikio lililobaki limeziba siku moja au mbili bila maumivu makali huachia lenyewe. Likitoa majimaji au damu, au kusikia kukipungua, ni la daktari.

"Miguu imevimba"

Hapa hutakiwi kutulizwa haraka wala kutishwa bure. Simu ya siku ya kwanza huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Miguu imevimba, viatu haviingii."

"Yote miwili, mama, au mmoja?"

Hilo ndilo swali la kuanza nalo. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, bila maumivu, kwa kawaida ni maji yaliyoshuka kwa kukaa. Misuli ya shavu la mguu, nyuma chini ya goti, ndiyo inayosukuma damu kurudi juu, na mtu akikaa saa saba bila kuitikisa, damu hutuama. Ainue miguu juu ya mto, atembee, alale. Kufikia kesho yake itakuwa imepungua.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukiuma kwenye shavu la mguu, ukawa na joto au ukabadilika rangi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hatari yake ni bonge kukatika na kwenda kwenye mapafu: pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, pengine unakohoa damu. Hapo hakuna kusubiri kesho wala kukanda kwa maji moto. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na useme umetoka kwenye safari ndefu ya ndege. Dalili hizi zinaweza kujitokeza hata wiki mbili au tatu baada ya kutua, wakati hakuna tena anayekumbuka safari.

Hatari huongezeka kwa safari yoyote ya kukaa zaidi ya saa nne, lakini wanaopaswa kuonana na daktari kabla ya kukata tiketi ni waliofanyiwa upasuaji karibuni, wajawazito na waliojifungua karibuni, wenye saratani, waliowahi kuganda damu, na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Daktari anaweza kushauri soksi za kubana au dawa. Usinywe aspirini kwa ushauri wa jirani. Wengine wote watembee kwenye njia ya ndege kila baada ya saa moja au mbili, na wakiwa wamekaa wanyanyue visigino na vidole kwa zamu. Begi lisijaze nafasi ya miguu.

"Begi halijatokea kwenye mkanda"

Anza kuliangalia ukiwa bado Dar. Kaunta wanapobandika stika kwenye begi, soma herufi tatu kubwa zilizopo. IST ni Istanbul, LHR ni Heathrow ya London, YYZ ni Toronto. Guangzhou ni CAN, na abiria wa China wasiogope kwamba begi linakwenda Canada. Ukiona herufi za mji wa kuunganishia badala ya mwisho wa safari, uliza hapo hapo: je, nitalichukua njiani? Wenye tiketi mbili tofauti kwa kawaida hulichukua wenyewe na kulikabidhi upya.

Begi lisipotokea, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo iliyopotea, toa kipande cha stika chenye namba ya tarakimu kumi, ujaze fomu ya taarifa na ubaki na nakala yake. Ukishatoka bila fomu, kazi ya kuthibitisha inakuwa yako. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na lisilofika ndani ya siku 21 una haki ya kulidai kama lililopotea. Tunza risiti za nguo na mswaki ulizonunua ukilisubiri.

Piga picha begi lako kabla ya kuondoka. "Jeusi, kubwa, lina magurudumu" ni maelezo ya mabegi yote duniani. Funga kipande cha kitenge kwenye mpini.

"Silali usiku, mchana nasinzia mezani"

Kwanza tenganisha uchovu na kupotea kwa saa ya mwili. Istanbul ina saa sawasawa na Mtwara mwaka mzima. Anayefika Istanbul akiwa hoi amekosa usingizi tu, usiku mmoja mzuri unamtosha. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wao wa baridi, mbili wakati wa joto, na wengi huizoea upesi. Guangzhou iko mbele kwa saa tano, Toronto nyuma kwa saa saba au nane, na hapo ndipo mawenge yenyewe yalipo.

Ndani ya ubongo kuna kundi la seli linaloendesha saa ya mwili, nalo hurekebishwa zaidi na mwanga. Saa nne usiku Guangzhou, mwili wa mtu wa Mtwara bado uko saa kumi na moja jioni, kwa hiyo hauoni sababu ya kulala. Ukiamshwa kule saa kumi na mbili asubuhi, mwili wako uko saa saba usiku. Kwenda mashariki ni kugumu zaidi kwa sababu saa ya mwili kwa watu wengi inazidi saa 24 kidogo, na ni rahisi kuchelewesha usingizi kuliko kuuwahisha. Kadiria siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, pengine pungufu kidogo ukielekea magharibi.

Siku ya kwanza Guangzhou, toka nje kuanzia saa nne asubuhi ukae kwenye mwanga hadi mchana. Toronto fanya kinyume: jikaze ubaki kwenye mwanga wa alasiri na jioni, usilale kabla ya saa tatu usiku, na ukiamka saa tisa usiku usiwashe simu. Kulala mchana kusizidi nusu saa. Kula kwa saa za wenyeji hata kama hamu haipo.

Hoteli nyingi hutoa chumba saa nane au tisa mchana, wakati ndege imekushusha alfajiri. Omba uache mizigo mapokezi, unawe uso, utoke kutembea. Usipange jambo kubwa siku hiyo, na usiendeshe gari. Mwenye sukari anayechoma insulini aandikiwe na daktari ratiba ya siku ya safari kabla hajaondoka, kwa sababu tofauti ya saa tano au nane inavuruga dozi.

Wanaokwenda Istanbul au London Januari, wakiwa wametoka kwenye joto la Mtwara, wabebe koti na soksi mkononi. Begi likichelewa na koti limo ndani, siku ya kwanza yote utaipitisha chumbani.

"Simu haishiki, kadi imekataa, chaja haiingii"

Laini yako iwezeshwe kutumika nje ukiwa bado Tanzania, la sivyo ujumbe wa benki wenye namba ya kuthibitisha hautakufikia. Zima data ya laini hiyo ili isile salio, tumia intaneti ya uwanjani au laini ya huko. Iarifu benki yako nchi na tarehe, kwani kadi inayotumika ghafla ugenini hufungwa kwa usalama. Beba pia fedha taslimu za kigeni za siku mbili. Shilingi yetu hutaibadilisha huko kirahisi.

Chaja ya pini tatu bapa tunayotumia inaingia moja kwa moja London na Dubai. Istanbul wanatumia pini mbili za duara, China na Canada wana zao, kwa hiyo nunua adapta. Canada umeme ni volti 120. Chaja ya simu haina shida kama imeandikwa 100–240V, lakini birika au pasi ya kwetu haitapata moto wa kutosha.

"Mwili una homa"

Homa ya siku ya kwanza au wiki ya kwanza ugenini watu huiita uchovu, baridi, au mabadiliko ya hali ya hewa. Kwa mtu aliyetoka Mtwara au Lindi, ihesabu kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Vimelea vinavyotawala kwetu huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 tangu mbu alipouma mpaka homa kutokea, na wakati mwingine mwezi au zaidi. Mbu aliyekuuma Mikindani wiki ya kuaga ndiye anayekulaza Toronto.

Daktari wa huko huenda miezi ikapita bila kuona malaria, na homa, maumivu ya viungo na kutapika vinafanana sana na mafua yao. Kwa hiyo wewe ndiye uliyebeba taarifa inayohitajika. Sema kabla hujaulizwa: "Natoka Tanzania, kuna malaria, nimefika tarehe fulani, naomba nipimwe leo." Mzazi asiyejua lugha ya huko aandikiwe maneno hayo kwa lugha hiyo kwenye karatasi ile ile ya saa. Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa ikaendelea, kirudiwe siku inayofuata.

Usimeze mabaki ya mseto, dawa ya malaria, uliyoyakuta kwenye mkoba. Dozi kamili ni mara sita ndani ya siku tatu, na nusu dozi hupunguza homa bila kuua vimelea, kisha kipimo kinakuwa kigumu kusomeka. Aliyejisikia vibaya kabla ya safari apime hospitali ya Ligula, Mtwara, au kituo chochote cha karibu siku chache kabla ya kuondoka, atibiwe amalize dozi. Mtoto mdogo au mjamzito mwenye homa, au mtu yeyote anayechanganyikiwa, anayehema kwa kasi au macho kuwa ya njano, aitiwe gari la wagonjwa, hata kama ni usiku wa kwanza na wenyeji wameshalala.